Katizo Halifiki, au Linafika Kupita Kiasi: Kutafuta Hitilafu kwenye Ramani ya Makatizo ya Linux

Katizo (interrupt) ni ishara ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa iache inachofanya na kukihudumia. Mwongozo huu ni wa wanaoandika draiva zao wenyewe kwenye bodi ndogo za ARM. Nimechagua Raspberry Pi 4 kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi kwa mafundi wengi wa Tanga, na mfano wangu ni kifaa cha kurekodi maji kupwa na kujaa, cha kufungwa ufukweni upande wa Deep Sea. Kina vitu vitatu: bodi yenyewe, chipu ya saa aina ya DS3231 inayoiamsha programu ichukue kipimo, na boya lenye swichi. Saa imeunganishwa kwenye GPIO 17, boya kwenye GPIO 27 (GPIO ni pini za bodi za kuingizia na kutolea ishara).

Hitilafu nyingi za hapa zina mzizi mmoja: mtu ameshika namba ya katizo bila kujua ni namba ya nani. Ngamiani mitaa yake ni ya namba. Ukimwelekeza mgeni "nyumba namba 14" ukanyamaza, atakuuliza hapo hapo: barabara ya ngapi? Kerneli, moyo wa Linux, nayo ina swali hilo hilo. Kila kidhibiti cha makatizo kina domeni yake, na ndani ya domeni hiyo namba za maunzi zinaanza upya. Namba 17 kwenye kidhibiti cha GPIO ni pini ya 17. Namba 17 kwenye GIC, kidhibiti kikuu cha chipu za ARM, ni katizo la ndani la kiini cha prosesa na halina uhusiano wowote na waya wako. Juu ya hizo kerneli inagawa namba ya tatu, namba pepe, na hiyo pekee ndiyo inayopokelewa na request_irq, kazi ya kusajili katizo (IRQ). Kuoanisha namba ya maunzi na namba pepe ndiko ninakokuita ramani.

Soma kwanza kilichopo

Kabla hujabadilisha mstari wowote wa msimbo, fungua /proc/interrupts. Kwenye Pi 4 utaona mistari ya namna hii (safu za viini vinne nimezipunguza iwe moja):

  34:   1207   GICv2 153 Level   uart-pl011
  51:      3   pinctrl-bcm2835  17 Edge   saa-maji

Namba ya kushoto kabisa ni ile pepe. Kesho bodi ikiwaka inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo usiikariri wala usiiandike ndani ya draiva. Inayofuata ni hesabu ya makatizo yaliyopokelewa, kisha jina la kidhibiti, kisha namba ya maunzi ndani ya kidhibiti hicho, kisha aina, mwisho jina ulilolipa wewe.

Angalia hiyo 153 ya UART, mlango wa mawasiliano ya serial. Ukifungua mti wa vifaa, yaani faili ya DTS ya chipu ya BCM2711, utakuta imeandikwa 121. Zote mbili ni sahihi. GIC imetenga 0 hadi 15 kwa viini kuitana vyenyewe kwa vyenyewe, 16 hadi 31 kwa makatizo ya ndani ya kila kiini, na kuanzia 32 ndiyo ya vifaa vya pamoja. Kwenye DTS unaandika aina kwanza (0 kwa vya pamoja, 1 kwa vya ndani), kisha namba ikihesabiwa kutoka mwanzo wa kundi lake, na draiva ya GIC ndiyo inayoongeza 32 au 16. Hivyo 121 inakuwa 153. Saa ya prosesa, arch_timer, imeandikwa 14 ya ndani, nawe unaiona kama 30.

Mkanganyiko wa 32 ndio unaonisikitisha kuliko yote, maana unakula usiku wa watu bila kuacha dalili. Vitabu vya chipu navyo havifuati mtindo mmoja: kimoja kinatoa namba ikiwa imeshajumlishwa 32, kingine kinaanza na sifuri. Ukiandika 153 kwenye DTS, kerneli itakuandalia 185 bila kulalamika, draiva itaanza vizuri, na hesabu itabaki sifuri. Kwa hiyo ukikuta sifuri, ulizo la kwanza ni hilo: je, safu ya namba ya maunzi inalingana na kitabu, au imepishana na 32 kamili?

Kama kerneli yako imejengwa na CONFIG_GENERIC_IRQ_DEBUGFS, ingia /sys/kernel/debug/irq/domains uone domeni zote zilizosajiliwa. Kama haina, /sys/kernel/irq/51/ itakupa hwirq, chip_name na type, na kwa kazi nyingi hivyo vinatosha.

Draiva inakataa kuanza

Hapa una bahati, maana kerneli inakuambia sababu.

Ukiona "error -ENXIO: IRQ index 0 not found", kerneli imesoma nodi yako ya DTS (sehemu inayokieleza kifaa chako) ikashindwa kupata katizo. Kisababishi cha kawaida ni kusahau interrupt-parent. Ukiiacha, nodi inarithi kidhibiti cha nodi za juu yake, na kwenye Pi 4 hicho ni GIC, kinachotaka namba tatu. Wewe umeandika mbili za GPIO. Iwe hivi:

  interrupt-parent = <&gpio>;
  interrupts = <17 8>;

Ile 8 ni aina ya katizo: 1 ni ukingo wa kupanda, 2 ukingo wa kushuka, 4 kiwango cha juu, 8 kiwango cha chini. Ukingo ni ule muda waya unapobadilika; kiwango ni hali ambayo waya umebaki nayo.

Kwa kifaa cha I2C (basi la waya mbili la kuzungumza na chipu) kama DS3231 mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu hutaiona hata hiyo ENXIO. Msingi wa I2C wa kerneli ukishindwa kulipata katizo unaweka 0 kwenye client->irq na kuendelea na safari. Draiva yako inapeleka 0 kwenye request_threaded_irq, inarudishiwa -22 (EINVAL, hoja batili), nawe unaanza kuchunguza bendera za hendla (kazi inayoitwa katizo likifika) wakati kosa liko kwenye DTS. Chapisha client->irq mwanzoni mwa probe, kazi ambayo kerneli huiita kuanzisha draiva. Ikiwa 0, acha msimbo, rudi kwenye DTS.

Hapo kuna mtego mwingine unaofanana. platform_get_irq inarudisha namba hasi ikishindwa. Nazo irq_of_parse_and_map na irq_create_mapping zinarudisha 0. Anayekagua "chini ya sifuri" kwa hizi mbili za mwisho hatalinasa kosa, na anayekagua "sawa na sifuri" kwa ile ya kwanza hatalinasa pia.

-517 si hitilafu. Ni kerneli kusema kidhibiti unachokitegemea hakijaamka bado, na itakujaribu tena baadaye. Irudishe hiyo thamani kama ilivyo, usiigeuze kuwa -1 wala usichapishe ujumbe wa kutisha. Ikibaki hivyo hata bodi ikimaliza kuwaka, soma /sys/kernel/debug/devices_deferred. Mara nyingi draiva ya kidhibiti haikujengwa kabisa.

-22 kwa mtu aliyeunganisha kifaa moja kwa moja na GIC mara nyingi ni aina ya katizo. Kwa makatizo ya pamoja, draiva ya GIC inakubali ukingo wa kupanda na kiwango cha juu tu. Ukiomba ukingo wa kushuka itakataa. Kidhibiti cha GPIO cha Pi hakina kizuizi hicho, ndiyo maana mstari uliofanya kazi kwenye GPIO hauhamishiki kwenda GIC ukiwa mzima mzima.

-16 maana yake kuna mwenye nyumba tayari. Kwa DS3231 mara nyingi ni draiva ya kerneli yenyewe, rtc-ds1307, ambayo inaihudumia chipu hii pia. Endesha i2cdetect: ukiona UU kwenye anwani 0x68, imeshachukuliwa. Ama tumia draiva hiyo, ama iondoe. Kulazimisha IRQF_SHARED ili tu ujumbe upotee ni kuficha ugonjwa. Wote wawili wanapaswa kukubali kushirikiana, na kila hendla iweze kuiuliza chipu yake kama katizo ni lake.

Katizo moja, kisha kimya

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo dalili ya DS3231 inayowachosha watu zaidi.

Kengele ya kwanza inalia kwa wakati wake. Hesabu kwenye /proc/interrupts inasoma 1. Kengele ya pili haiji. Ukizima umeme na kuwasha, huenda isije hata ile ya kwanza, hasa kama chipu ina betri yake na bado imeshikilia hali ya zamani. Mtu anahitimisha kwamba ramani imepotea. Haijapotea.

Pini ya INT ya DS3231 inashuka kengele inapofika, na inabaki chini mpaka biti ya A1F, biti ya 0 ya rejista 0x0F, ifutwe kwa kuandikiwa sifuri. Usipoifuta, waya unabaki chini. Kama umeomba ukingo wa kushuka, ukingo mwingine hautatokea kamwe: waya ambao tayari uko chini hauna pa kushukia. Pima kwa multimita kati ya GPIO 17 na ardhi. Ukisoma karibu 0 V muda wote, jibu ni hilo.

Ushauri wangu ni kuomba kiwango cha chini, 8, badala ya ukingo. Ikitokea kengele imelia bodi ikiwa bado inawaka, ukingo utakuwa umepita bila wa kuupokea, lakini kiwango bado kipo na katizo litaingia mara tu draiva inaposajili hendla. Kwa kifaa cha kupima bamvua, ambapo kipimo cha kilele cha maji ukikikosa hakirudi, tofauti hiyo ina uzito.

Sasa, kufuta A1F kunahitaji mazungumzo ya I2C, na I2C inasubiri, yaani uzi (thread) unaoiita unalala mpaka jibu lirudi. Hendla ya katizo hairuhusiwi kulala. Ukiita i2c_smbus_write_byte_data ndani yake utapata "BUG: scheduling while atomic", au bodi itaganda bila neno, maana basi la I2C la Pi nalo linategemea katizo lake mwenyewe ili limalize kazi. Tumia request_threaded_irq: hendla ya kwanza iwe NULL, ya pili ndiyo izungumze na chipu, na uweke bendera IRQF_ONESHOT. Bendera hiyo inaufunga mstari wa katizo mpaka uzi umalize. Bila hiyo, kiwango cha chini kingeendelea kukatiza kabla uzi haujapata nafasi ya kukifuta, na kwa sababu hiyo kerneli inakataa kabisa mchanganyiko wa NULL bila ONESHOT.

Hakikisha pia umeangalia rejista 0x0E. Biti ya 2, INTCN, ikiwa 0, pini hiyo hiyo inatoa wimbi la mraba badala ya kengele, na kwa mpangilio wa chipu inapopata umeme mara ya kwanza wimbi hilo ni la 8,192 kwa sekunde. Hesabu ikipanda kwa maelfu kila sekunde kwa mwendo usiobadilika, usiitafute kelele kwenye waya. Ni INTCN.

Hesabu ni sifuri tangu mwanzo

Umekwisha kagua 32 na DTS. Zimebaki sababu za maunzi, na hizi zinapitwa kirahisi na watu wa programu.

GPIO 17 si pini ya 17. Kwenye safu ya pini 40, GPIO 17 iko pini ya 11. Pini ya 17 ni umeme wa 3.3 V. Ukiiunganisha INT hapo, katizo haliji, na chipu inapojaribu kuushusha waya itakuwa inapigana na umeme wa bodi nzima. Chomoa kwanza, fikiri baadaye.

INT ya DS3231 inaweza kuushusha waya tu, haiwezi kuupandisha. Inahitaji rizista ya kuvuta juu. Na GPIO 9 hadi 27 za Pi bodi inapowaka huvutwa chini kwa ndani, si juu. Ukitumia chipu tupu bila rizista ya nje, bodi itausoma waya kama uko chini siku zote: ukiomba ukingo wa kushuka unapata sifuri, ukiomba kiwango cha chini unapata mafuriko. Dalili mbili zinazopingana, kisababishi kimoja. Ama weka rizista, ama amuru pini ivutwe juu kwenye DTS. Na kama moduli uliyonunua ina rizista yake tayari, ipe umeme wa 3.3 V, usiipe 5 V. Chipu yenyewe itaivumilia 5 V, pini ya Pi haitaivumilia.

Mwisho, kifaa chenyewe. Ramani ya kerneli inaweza kuwa kamilifu na kifaa kikawa hakijaruhusiwa kukatiza. Kwa DS3231 ni biti ya 0 ya 0x0E, A1IE.

Mafuriko

  irq 51: nobody cared
  Disabling IRQ #51

Kerneli haikurupuki kufanya hivi. Inahesabu makatizo 100,000 ya mstari mmoja, na ikikuta zaidi ya 99,900 yamekosa wa kuyadai, inaufunga mstari. /proc/irq/51/spurious inaonyesha hesabu hiyo inavyokwenda, na ni busara kuifuatilia kabla ya kufikia hapo.

Hendla ikirudisha IRQ_NONE kila mara, ama inaiuliza chipu isiyo sahihi, ama katizo ni la kifaa kingine na ramani yako imeelekea kwake. Ikirudisha IRQ_HANDLED huku haijafuta kitu kwenye chipu, hutauona ujumbe huo. Utaona kiini kimoja cha prosesa kimeelemewa. Nawasihi wanafunzi wasirudishe IRQ_HANDLED kwa mazoea. Ukweli wa hendla ndiyo kinga pekee kerneli iliyo nayo.

Kwa aliyeandika draiva ya kidhibiti chake mwenyewe, mathalani ndani ya FPGA (chipu ambayo mantiki yake unaipanga mwenyewe) yenye mistari kadhaa, kuna kosa la namna yake: kusoma rejista ya hali, kupata biti ya 5, kisha kuita generic_handle_irq(5). Hiyo 5 ni ya maunzi, lakini kazi hiyo inataka namba pepe, kwa hiyo unamwamsha mtu mwingine kabisa huku mwenye katizo akiendelea kulia. Kuanzia Linux 5.14 ita generic_handle_domain_irq, uipe domeni na 5, nayo itatafuta yenyewe. Kwenye kerneli za zamani tanguliza irq_find_mapping.

Hesabu imezidi kidogo

Boya limepanda mara moja, kerneli imehesabu mara nne. Si ramani. Swichi ya chuma inapogusana inarukaruka kabla ya kutulia, na kila mruko ni ukingo. Draiva ya gpio-keys inasubiri milisekunde 5 kwa kawaida yake. Kwa boya linalochezewa na mawimbi ongeza debounce-interval, 50 si nyingi.

Kisha nenda ukaangalie viungio vyenyewe. Pwani chumvi inaingia kila mahali. Ukifungua kisanduku ukakuta ukungu wa kijani kwenye shaba, unyevu huo unapitisha umeme kidogo kati ya pini na pini, na kwa waya mrefu usiofunikwa ngao utahesabu makatizo hata boya likiwa mezani. Safisha, kausha, paka kinga, kisha weka rizista ya kuvuta juu yenye nguvu kuliko ile ya ndani ya chipu. 4.7 kΩ inafaa.

Moduli ikiondolewa na kurudishwa

Mara ya kwanza kila kitu sawa. Ukifanya rmmod kisha insmod unapata "type mismatch, failed to map hwirq". Ramani ya zamani bado iko na aina yake ya zamani, nawe umekuja na aina nyingine. Aliyeita irq_create_mapping ana wajibu wa kuita irq_dispose_mapping, baada ya free_irq na si kabla. Kama katizo ulilipata kwa platform_get_irq au client->irq, usiite dispose. Hilo si lako. Na utumie devm_request_threaded_irq, ila ukumbuke kwamba inaachia katizo baada ya remove kumalizika. Rejista ambazo hendla inazigusa zisiwe zimeshaachiwa wakati huo.

Kwa wanaoandika kerneli yao kwenye PC

Wapo wachache, na swali lao ni moja: wakiruhusu makatizo tu, mashine inaanguka na kosa namba 8. Chipu ya zamani ya makatizo, 8259, jinsi BIOS inavyoiacha, inapeleka IRQ 0 hadi 7 kwenye vekta (namba ambayo prosesa huitumia kuchagua hendla) 8 hadi 15, na prosesa za x86 katika hali ya ulinzi zinatumia vekta 0 hadi 31 kwa makosa yao zenyewe. Vekta ya 8 ni kosa maradufu. Kinachokuangusha ni mpigo wa kawaida wa saa uliovaa jina la kosa. PC ina 8259 mbili: hamisha ya kwanza ianzie vekta 0x20 na ya pili 0x28, ndipo uite sti, amri ya kuruhusu makatizo.

Saa ikipiga mara moja tu, hujatuma ishara ya mwisho, 0x20, kwenye bandari 0x20 mwishoni mwa hendla. Kwa IRQ 8 hadi 15 tuma kwenye 0xA0 pia. Ukihamia APIC, kidhibiti kilichochukua nafasi ya 8259, kumbuka kuizima 8259 kwa kuziba mistari yake yote, na usidhani IRQ 0 itabaki 0: jedwali la ACPI (maelezo ya maunzi ambayo mashine huipa kerneli) kwenye PC nyingi linaielekeza saa kwenye mstari wa 2. Lisome jedwali, usikisie. Na IRQ 7 ikikujia bila sababu, soma rejista ya ISR ya 8259, inayoonyesha makatizo yanayohudumiwa, kabla ya kutuma chochote. Biti ya 7 ikiwa haijawekwa, katizo hilo ni la uongo na halitumiwi ile ishara ya mwisho.